Tovuti isiyomchosha mgeni na jina lisilokuponyoka: mwongozo kwa wenye nyumba za wageni na madau Lamu

Tovuti ya kwanza niliyolipwa kuitengeneza ilikuwa ya mzee mmoja wa Shela, nahodha wa dau la kutembeza wageni. Niliipamba ikapambika. Ukiifungua, tanga linapanda taratibu, taarabu inaanza kulia yenyewe, kisha neno "Karibuni" linatokeza kwa herufi za dhahabu. Nikaenda kumwonyesha barazani kwake baada ya alasiri. Akaishika simu mbali na uso kama washikavyo wazee, akaigeuza kulikwepa jua, akaniuliza kuhusu safari ya Takwa, yale magofu ya kale ya kisiwani Manda: "Haya mwanangu, mtu akitaka kujua kwenda Takwa ni pesa ngapi, abonyeze wapi?"

Nikamwongoza. Bonyeza vile vistari vitatu pembeni. Sasa "Huduma Zetu". Sasa "Safari". Shuka, shuka tena. Tukafika kwenye maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Kwa bei, wasiliana nasi." Mzee akanirudishia simu. "Huyo mgeni keshapanda dau la jirani."

Tangu siku ile nimetengeneza na kukarabati tovuti kadhaa za hapa kisiwani, na kazi yangu kubwa imekuwa kuondoa vitu. Nitakueleza ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Kama una nyumba ya kupangisha, dau, au duka la nakshi, utaweza kufuata. Na kama utamlipa fundi, walau utajua cha kumwuliza kabla hujampa pesa.

Anza na WhatsApp yako

Kompyuta iache kwanza. Chukua karatasi, fungua mazungumzo thelathini ya mwisho uliyofanya na wateja, uandike kila swali waliloliuliza kabla ya kulipa. Swali likijirudia, lipigie alama. Kwa nyumba za wageni za Amu, yaani mji wa Lamu, utakuta maswali ni yale yale: chumba ni bei gani, tarehe hizi kuna nafasi, nikitua uwanja wa ndege wa Manda nafikaje kwako, kuna feni au kiyoyozi, kifungua kinywa kimo ndani ya bei?

Karatasi hiyo ndiyo tovuti yako. Maswali matatu yenye alama nyingi yajibiwe kwenye ukurasa wa kwanza, mgeni asibonyeze chochote. Yanayofuata yapate kurasa zake. Ambalo hakuna aliyeliuliza halina haraka.

Wengi hukwama hapa kwa sababu tunapenda kuanza na historia. Kwamba Mji wa Kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwamba Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini aliyefika kwenye tovuti ya nyumba yako ameshaamua kuja Lamu, sasa anatafuta kitanda. Historia iwekee ukurasa wake, na uiandike vizuri, atakuja kuisoma jioni akishalipia chumba.

Jina: lipitishe kwenye kelele za injini

Jina la tovuti, ambalo wengine huliita kikoa na wengine domeni, ni kitu cha kwanza utakacholipia na cha mwisho utakachotaka kukibadilisha. Litaandikwa kwenye kadi, kwenye fulana za mabaharia, kwenye kibao cha mlangoni. Basi litafute polepole.

Kanuni za mitambo ni chache. Zinakubalika herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Kistari hakiruhusiwi mwanzoni wala mwishoni. Sehemu moja ya jina haizidi herufi 63, ingawa ukifika hata 20 umeshamchosha mtu. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Nafasi kati ya maneno hakuna.

Kiswahili chetu kina mitego yake ambayo sijaona miongozo ya wageni ikiitaja. Wa kwanza ni ile alama ya ng'. Ukiita dau lako "Ng'ambo", jina la tovuti litakuwa "ngambo", maana alama ile haikubaliki kwenye anwani. Mwenyeji ataiandika kwa mazoea na kivinjari hakitamfikisha popote. Wa pili ni irabu zinazogongana maneno yakishikana: "Dau la Amu" linageuka "daulaamu", na kati ya watu watano wawili wataandika a moja. Wa tatu ni wetu hasa wa hapa. Kijiji kile wengine hukiandika Shela, wengine Shella. Ukilitumia jina hilo, nunua tahajia zote mbili na ile ya pili uielekeze kwenye ya kwanza. Usipofanya hivyo unamwachia mwenzako mlango wazi.

Halafu kuna mgeni asiyejua Kiswahili. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo kwetu jina refu la Kiswahili si taabu. Mtu wa Milan au London akisikia "mwangaza" hajui aanze na herufi gani. Maneno yanayoanza na mw, ny au mch yanampa shida. "Dau", "kaskazi", "mlimau" anayaweza. Sikwambii ukimbilie Kiingereza. Jina la Kiswahili lina mvuto wake, na yale ya paradiso na machweo yameshachukuliwa na nusu ya dunia. Chagua tu la Kiswahili linalotamkika.

Jaribio langu ni hili. Nenda gatini wakati boti za kwenda Mokowe, upande wa bara, zinapakia, mwambie mtu jina mara moja tu, injini zikinguruma, kisha mpe simu aliandike. Fanya hivyo kwa watu watatu, mmoja wao awe hakujui. Akikuuliza "kwa kistari au bila kistari?", au "mbili ya tarakimu au ya herufi?", jina hilo liache. Nyumba moja niliyoisaidia ilikuwa na majina manne mezani, na lililobaki baada ya jaribio ndilo ambalo mwenyewe hakulipenda sana. Sasa kalizoea.

Mwisho wa jina nao una maana. Majina ya .ke yako chini ya KeNIC, shirika linaloyasimamia hapa Kenya, na huyanunui kwao moja kwa moja bali kwa wasajili, yaani wauzaji wa majina, walioidhinishwa nao. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke; .go.ke, .ac.ke na .sc.ke zimetengewa serikali, vyuo na shule. Tangu 2017 unaweza pia kupata jina linaloishia .ke tupu. Wateja wako wakiwa Wakenya wanaokuja likizo ya Desemba, .co.ke inawaambia upo hapa hapa. Wakiwa wengi wa ng'ambo, .com vidole vyao vimeshaizoea. Ningekuwa na pesa ya mawili ningechukua yote mawili. Ya moja tu, kwa nyumba ya Lamu, ningechukua .co.ke.

Kabla ya kulipa, litafute jina mtandaoni na kwenye mitandao ya kijamii. Kama kuna nyumba Zanzibar au Kilifi yenye jina hilo hilo, mtagombania wageni na barua za watu zitapotea. Na uliza bei ya kuhuisha mwaka wa pili, usivutwe na ile ya mwaka wa kwanza. Wasajili wengine hukupa mwaka wa kwanza kwa bei ya kahawa.

Jina liwe kwa jina lako

Hapa sitapita haraka.

Jirani yangu wa Langoni ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Kijana aliyemtengenezea tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, si kwa ubaya, ndivyo alivyoona rahisi. Baada ya miaka miwili kijana akahamia bara, akabadilisha simu, na ile barua pepe akaiacha. Ilani za kulipia zikawa zinatua kwenye sanduku lisilofunguliwa. Siku moja mgeni akampigia jirani yangu: "Mbona tovuti yenu ina matangazo ya kamari?" Jina lilikuwa limeisha muda na mtu asiyemjua ameshalinunua. Kibao cha shaba mlangoni bado kinalitaja. Amekigeuza nyuma mbele.

Kwa hiyo elewa kwamba unanunua vitu vitatu, hata kama fundi anakupa bei moja. Jina ni lile la kibaoni. Seva ni kiwanja unachokodi. Tovuti yenyewe ni jengo. Jengo unaweza kulibomoa, kiwanja unaweza kuhama, lakini jina ukilipoteza umepoteza njia ambayo watu walizoea kukujia. Fundi achague kiwanja na ajenge apendavyo, ila akaunti ya jina uifungue wewe, kwa barua pepe yako, namba yako ya simu na malipo yako. Fundi mpe ruhusa ya kuingia akihitaji, au kaa naye akifanya.

Barua pepe hiyo isiwe ile inayoishia na jina la tovuti yenyewe. Tovuti ikizimika nayo inazimika, na ilani inaifuata shimoni. Tumia ya kawaida unayoifungua kila siku, na uweke ule uthibitisho wa hatua mbili.

Kwa majina kama .com, msajili anatakiwa akukumbushe kabla ya muda kuisha, takriban mwezi mmoja na tena takriban wiki moja kabla. Unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Muda ukiisha bado kuna nafasi ya kulihuisha, ambayo inaweza kufika siku 45 kutegemea msajili, kisha siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo ni la yeyote. Majina ya .ke yana utaratibu wake, mwulize msajili wako na uandike majibu. Ukiweka malipo ya kujirudia yenyewe, kumbuka kwamba kadi ya benki nayo huisha muda.

Ukitaka kumhama msajili wa .com utaomba msimbo wa uhamisho, na jina lisiwe limesajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita.

Ukurasa wa kwanza, kwenye simu, juani

Wageni wengi watakufungua kwenye simu, na wengine watakuwa wamesimama kwenye gati, jua la saa saba likiwapiga kiooni. Zile herufi za kijivu juu ya nyeupe ambazo mafundi wanazipenda hazisomeki pale. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka utofauti wa maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1. Kuna vipimo vya bure mtandaoni: unaingiza rangi mbili, vinakupa jibu. Au toka nje saa saba na simu yako.

Maandishi yasiwe chini ya pikseli 16. Kitufe kiwe kikubwa kiasi cha kidole, pikseli 48 hivi kila upande, na kisibanane na chenzake. Juu kabisa liwe jina la nyumba na sentensi moja: ni nini, kiko wapi. "Vyumba vinne, mtaa wa Mkomani, dakika tano kwa miguu kutoka gatini." Chini yake bei. Chini ya bei kitufe kimoja cha WhatsApp.

Kitufe hicho kina siri ndogo inayowaponyoka wengi. Kiungo huandikwa wa.me/ kikifuatiwa na namba inayoanza na 254, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Ukiandika 07 hakifunguki. Na namba inayosomwa kwa macho iandike na +254, maana mtu wa Ujerumani hajui 07 ni ya wapi.

Menyu iwe na maneno manne au matano ya kawaida: Vyumba, Bei, Kufika, Chakula, Wasiliana. Usiandike "Gundua" wala "Uzoefu wetu". Muziki unaojiwasha, nimeshaungama wangu.

Picha ndizo zinazokula bando

Picha moja iliyotoka kwenye simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti nne au tano. Weka kumi za hivyo na mgeni ameshamaliza bando la leo kabla hajaona kitanda. Zipunguze upana hadi pikseli 1,600 au chini ya hapo, zihifadhi kwa muundo wa WebP au JPEG uliobanwa, na kila moja isizidi kilobaiti 200. Kwa macho hutaona tofauti. Jakob Nielsen, Mdenmark aliyetumia miaka mingi kuchunguza watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akingoja zaidi ya sekunde moja mawazo yake yanakatika, na ikifika sekunde kumi anatafuta jambo jingine la kufanya. Pima kwako kwa mtandao wa simu, usipime kwa waifai ya ofisini kwa fundi.

Kila picha iandikie maelezo mafupi ya maneno kwa ajili ya asiyeona, ambaye simu humsomea. Na mwambie fundi atangaze lugha ya ukurasa kwa msimbo "sw", kwa sababu usipotangazwa ile sauti inaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na hakuna atakayeelewa.

Saa, maji na njia

Mgeni mmoja aliandikiwa "tunaondoka saa mbili". Akaja saa nane mchana. Tangu hapo kila saa naiandika kwa tarakimu pande zote: "saa 2 asubuhi (8:00)". Inaonekana ya kitoto na imeniokoa mara nyingi.

Wenye madau wana tatizo jingine. Fomu za tayari za kuagizia safari zinamtaka mteja achague saa. Lakini kwenda Takwa unapita kwenye mkondo wa mikoko unaohitaji maji yamejaa, na maji husogea kama dakika 50 kila siku. Kalenda haijui hilo. Mwache mgeni achague siku peke yake, kisha uandike wazi: "Saa ya kuondoka hufuata maji, tutakujulisha kwa WhatsApp." Nahodha wangu wa Shela alipenda sentensi hiyo kuliko kitu kingine chochote kwenye tovuti mpya.

Njia ya kufika usiiachie ramani ya simu. Itamfikisha mtu Mokowe na kumwacha anatazama maji. Eleza kwa hatua: uwanja wa ndege uko Manda, unavuka kwa boti, nauli ni kiasi gani, nani atakupokea gatini. Ndani ya mji, kwenye vichochoro ambavyo hata punda wawili hupishana kwa taabu, pini ya ramani huwa inaruka nyumba mbili tatu. Weka picha ya mlango wako. Milango ya Lamu haifanani, na mgeni mwenye picha ya nakshi mkononi haulizi mara mbili.

Fomu fupi, bei nzima

Fomu iulize jina, tarehe, idadi ya watu na namba ya WhatsApp. Basi. Nimeona inayodai namba ya pasipoti kabla hata ya kumwambia mtu kama chumba kipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu kwa kazi uliyoitaja, na hata bila sheria, kila kisanduku cha ziada kinafukuza mtu. Kikikosewa kitu, fomu iseme ni kipi, na isifute yale aliyokwisha kuandika.

Bei iandike kamili, pamoja na boti kama ipo ndani. Sema kama ni ya mtu au ya chumba. Sema unapokea M-Pesa, kadi au taslimu, maana asiye na laini ya Kenya asije akagundua akiwa mlangoni. Hakikisha pia anwani inaanza na https, alama kwamba anachoandika mgeni kinasafiri kwa siri. Cheti chake hupatikana bure kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, kwa hiyo anayekutoza pesa nyingi kwa hicho peke yake mwulize vizuri.

Ukiwa na lugha mbili, kila moja iandikwe kwa jina lake yenyewe, usitumie bendera. Kiswahili utakipa bendera ya nani, ya Kenya au ya Tanzania?

Wape watu watano, nawe unyamaze

Nielsen huyo huyo aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Hapa Lamu kuwapata ni rahisi kuliko popote, kaa uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome saa kumi jioni. Mpe mtu simu na kazi moja: "Tafuta bei ya chumba cha watu wawili," au "Niambie utafikaje kutoka Manda." Kisha funga mdomo. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Ukisema tu "bonyeza pale", jaribio limekwisha. Tazama kidole kinasita wapi, andika. Usimwulize kama imependeza, Mswahili atakuambia imependeza kwa adabu tu.

Niliporudi kwa nahodha na tovuti ya pili, alimwita mjukuu wake wa miaka kumi na miwili na mke wake, akawapa simu kwa zamu. Bei ya Takwa waliiona papo hapo. Bibi alikwama kwenye kitu ambacho sikukitarajia: alibonyeza picha ya dau mara tatu akingoja ifunguke. Ilikuwa picha tu. Nikaifanya kiungo usiku ule ule, na sasa ndiyo inayobonyezwa kuliko kitufe.

Baada ya hapo ni matunzo. Mara moja kwa mwezi ifungue tovuti kwa simu ya mtu mwingine, jitumie ujumbe kwa kitufe chako, tazama bei kama bado ni hizo. Ukifunga nyumba miezi ya kusi, andika juu kabisa umefunga hadi tarehe gani. Mwezi wa Ramadhani badilisha saa za chakula. Na tarehe ya kulipia jina iandike mahali pawili, kwenye simu na kwenye karatasi. Ya nahodha imebandikwa ndani ya sanduku lake la vifaa vya dau, juu ya sindano ya kushonea tanga, ambako anasema hufungua kila siku.